N4 ya Nairobi au JFT ya nje: nichague upi?

Mhariri, salaam. Naomba ushauri wako, na wa wasomaji waliokwisha kwenda Japani kikazi. Mama amekubali kuuza kipande cha shamba letu Kilifi ili nipate nauli na ada, nami sitaki jasho lake liishie kwenye mtihani wa Kijapani usionifaa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mombasa. Nimesomea uuguzi wa nyumbani na sasa namtunza bibi aliyepooza. Nataka kuomba viza ya Tokutei Ginou, ile ya Japani ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu iliyoanza 2019, upande wa kuhudumia wazee. Kuna mtihani wa ujuzi wa kazi, kuna wa Kijapani cha kazi yenyewe, halafu Kijapani cha kawaida. Hicho cha mwisho ndicho kinachoninyima usingizi, kwani unaweza kuleta cheti cha mtihani mmoja kati ya miwili: ama JLPT daraja la N4 au JFT-Basic.

JLPT hapa kwetu hufanyika Nairobi, Desemba. Ukianguka, unasubiri Desemba nyingine. Na si jumla pekee inayoangaliwa: unatakiwa upate 90 kati ya 180, lakini kusikiliza kuna kiwango chake, 19 kati ya 60. Ukikosa hizo 19 umeanguka, hata kama kanji (zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) na sarufi umezimaliza zote. Kusoma sina wasiwasi nako. Kusikiliza, wallahi, bado maneno yananipita kabla sijayashika.

JFT-Basic hufanywa kwa kompyuta, dakika 60, na matokeo unayaona papo hapo kwenye skrini. Maswali yake ni ya maisha ya kila siku: dukani, kazini, kwa daktari. Kusikiliza kumo pia, kwa hiyo sidhani kama nitakuwa nimekukwepa. Wakala mmoja ananihimiza nikaufanye India, na anasema ile miwili ya kazi nitaimalizia huko huko kwa safari moja. Hilo linanivuta. Lakini nauli, malazi na ada yake ni juu yangu, na nikiuliza itakuwaje nisipofaulu, hanipi jibu la kueleweka.

Moyo wangu uko kwa N4, na sababu ni mwanangu. Tokutei Ginou ya daraja la kwanza ina kikomo cha miaka 5 na huruhusiwi kwenda na familia. Njia ninayoiona ni kufanya kazi miaka 3, kisha nikae mtihani wa taifa wa kaigofukushishi, yaani mhudumu wa wazee mwenye leseni. Nikiupasi naweza kubadilisha viza na kumchukua mtoto. Mtihani ule unataka Kijapani kizito, hivyo naona afadhali nipande ngazi ya JLPT tangu sasa: N4, kisha N3 iliyo juu yake, na kuendelea.

Sasa naomba mnijuze. Mwajiri wa nyumba ya wazee akiona JFT badala ya N4, humpima mtu tofauti? Yupo aliyeanza na JFT akaja kufanya N3 akiwa kazini, na muda wa kusoma aliupata wapi baada ya zamu za usiku? Na aliyefaulu sehemu ya kusikiliza akiwa huku huku Pwani, bila Mjapani wa kuzungumza naye, alijifunza vipi?

Shamba bado halijauzwa. Mnunuzi anataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Mama Salim,
Mombasa