Sweta si sare ya harusi

Ndugu Mhariri,

Kwanza salamu, kusi limeshaanza kuvuma huku Tanga na watu asubuhi wanatoka wamejikunyata. Mie gazeti lenu nalisoma miaka, mara la kununua mara la kuazima kwa jirani, sikatai. Lakini ule ukurasa wenu wa mitindo wa wiki iliyopita umeniharibia wiki nzima na ndo maana naandika. Mmeweka picha ya familia ya watu watano, baba, mama na watoto watatu, wote sweta ya kufuma ya aina moja, shingo ya kukunja mpaka kidevuni, kifuani misuko minene kama nywele za mabutu, halafu mkaandika hiyo ndo sare ya familia kwa msimu wa baridi, basi, kipimo hata kimoja hamna, uzi gani hamkusema. Toka litoke nimeshafuatwa na akina mama wanne, kila mmoja kaja na ile karatasi kaikunjia kwenye mtandio, shoga nifumie kama hizi, za nyumba nzima, tena haraka.

Wapi, Mhariri! Sare ni mambo ya kanga na vitenge. Kanga haina saizi, unajifunga, mnene na mwembamba wote wanapendeza na picha inatoka. Sweta ni mwili wa mtu, ukikosea unamtesa kila siku anayoivaa, au haivai kabisa inakuwa ya kufutia vumbi, na hapo mfumaji ndo anayetukanwa sio gazeti.

Nasema kwa sababu hiyo sare nishaifanya mwenyewe. Miaka kama sita nyuma nilipata wazimu huohuo, nikaona picha kwenye simu nikasema mwaka huu nyumba yangu yote tutavaa rangi moja, bluu ya bahari. Maelekezo ya sweta ya baba watoto yalisema anzisha vitanzi 200, yaani vile vipete vya uzi vinavyokaa kwenye sindano, mbele na nyuma pamoja, kwa hesabu kwamba vitanzi 20 vinatoa upana wa sentimeta 10. Baba watoto kifua chake ni sentimeta 92, ukiongeza 8 za kupumulia unapata 100, kwa hiyo 200 ni sawasawa kabisa, nikaona hii imeandikwa kwa ajili yake. Kumbe mkono wangu mie ni mlegevu, kwenye sentimeta 10 natoa vitanzi 18 tu. Fanya hesabu mwenyewe Mhariri, vitanzi 200 kwa mkono huo ni sentimeta 111. Sentimeta 11 za ziada! Na uzi ulikuwa wa pamba, na pamba ikifumwa ina tabia ya kulala, haina kurudi kama sufu, ukiivaa wiki mbili inazidi kushuka tu. Alivoivaa mara ya tatu ilikuwa inamfika mapajani, mikono kaikunja mara mbili, mwanangu mdogo akasema baba kavaa dera. Hajaivaa tena mpaka leo na mie sijamlaumu. Na angekuwa mfumaji wa mkono wa kukaza anayetoa 22 kwenye sentimeta 10, vitanzi hivyohivyo 200 vingekuwa sentimeta 91 tu, ndogo hata kuliko kifua chenyewe, isingepita.

Ndo maana siku hizi mtu akija na picha namwambia picha weka pembeni, nipe uzi wako nifume kwanza kipande cha kujaribia, mraba wa kama sentimeta 15 hivi, nakifua, nakianika kikakauka, ndo naweka futi ya fundi katikati nahesabu vitanzi vya kwenye sentimeta 10. Sio pembeni, pembeni panadanganya. Na lazima kifuliwe manake uzi mwingine ukiona maji unabadilika kabisa. Watu wanaona napoteza siku mbili, wananuna. Waache wanune.

Kulikuwa na bibi mmoja mfumaji, Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, yeye alitoa hesabu nyepesi ambayo mie naitumia sana, inaanzia kwenye ile namba ya kifua halafu vingine vyote vinafuata kwa asilimia. Kama kifua ni vitanzi 200, mkono pale kwenye kifundo karibu na kiganja ni asilimia 20, yaani 40, ukipanda mpaka juu karibu na kwapa unafika kama asilimia 33, hiyo ni 66, na shingo asilimia 40, ni 80. Ukishapata kifua cha mtu na kipande chako cha kujaribia umemaliza, huhitaji picha ya mtu. Ila hapo ndo penyewe, hizo asilimia ni za kuanzia, mtu wa mbele yako ndo anakwambia wapi uongeze wapi upunguze. Mama mwenye mikono minene ukimpa 33 atashindwa kuinua mkono kuanika nguo.

Na mtoto mchanga ndo kabisa, asilimia za mtu mzima hazimfai. Kichanga kichwa chake ni kikubwa kuliko kifua, kinazaliwa kichwa kama sentimeta 34 au 35, kifua kidogo zaidi. Ukimfumia shingo ya kubana kama ile kwenye picha yenu utamvuta masikio mpaka alie na wewe ulie. Anatakiwa afunguliwe begani, vifungo viwili vitatu upande mmoja, au sweta ifunguke mbele yote. Tena naomba akina mama wanaofuma zile seti za sweta na kofia na soksi za kupeleka hospitali, jamani tuache kupitisha utepe shingoni. Unapendeza ndio, lakini utepe na shingo ya mtoto aliyelala ni hatari. Na yale matundu makubwa ya urembo vidole vinaingia humo vinanasa, fumeni ya kushikana.

Sasa nije kwenye hali ya hewa, manake hapa ndo nilipowashangaa zaidi. Mhariri, baridi ya Tanga mjini ni nini? Mwezi wa saba alfajiri ni digrii 20 na kitu, saa nne jua limeshatoka unatafuta kivuli. Ile sweta ya misuko, na pengine mtu kaifuma kwa uzi wa akriliki, hapa utaivaa kwa muda wa saa moja na nusu tu, jasho linakuganda mgongoni kwa sababu akriliki hainywi maji. Wanaohitaji sweta nzito kwetu ni wavuvi wa pale Deep Sea wanaotoka usiku, na bodaboda wa alfajiri. Lakini mdogo wangu kaolewa Lushoto, huko ni karibu meta 1,400 juu ya bahari, ukishatoka Mombo ukaanza kuzipanda zile kona za Soni masikio yanaziba, na usiku wa mwezi wa saba unalala na blanketi mbili na bado unakunja miguu. Huyo nikimfumia ya pamba nyepesi kama yangu atanicheka. Mkoa mmoja huohuo Mhariri! Sasa sare ya nani hiyo mliyoiweka?

Nyumbani kwangu sasa hivi tunavaa uzi wa rangi moja, ndio, bado napenda tufanane kidogo, lakini kila mtu na umbo lake. Mie yangu ni blauzi ya pamba, mikono robo tatu, shingo pana ya kupita juu ya ushungi bila kuuvuruga, navaa juu ya dera nikienda sokoni. Baba mkwe ana kizibao cha kufuma, hakina mikono, anavaa juu ya kanzu akienda alfajiri msikitini, akirudi anakivua anakitundika kwenye msumari, kifungo chake kikubwa manake vidole vyake siku hizi havishiki vitu vidogo. Shemeji anaendesha baiskeli kila siku kwenda kazini, si mnajua Tanga na baiskeli, yeye nilimwongezea nyuma sentimeta 5 kuliko mbele, manake mtu akiinama kwenye usukani sweta inapanda kiuno kinabaki nje na ubaridi unaingia hapohapo. Unafanya kwa kufuma mistari mifupi upande wa mgongo tu, unaishia kati unageuza unarudi, mpaka nyuma pamezidi, ndo unaendelea na mzunguko wote. Mbele hakuonekani kitu. Hiyo shemeji anaivaa mpaka imetoboka kiwiko, na mimi hiyo ndo naihesabu sifa kuliko picha ya gazetini.

Baiskeli imenikumbusha. Mie nilianza kufuma na spoki za baiskeli, marehemu bibi alizinoa kwenye jiwe la ngazi, akatia nta mwishoni. Spoki ni nyembamba, kama milimita 2, sasa sisi tulikuwa tunafumia uzi mnene, sweta zinatoka ngumu kama mkeka, zinasimama zenyewe! Sindano ya milimita 4 niliishika nikiwa mtu mzima na nikajua kumbe nguo ya kufuma inatakiwa ilegee iuguse mwili. Wanaoanza sasa hivi nawaomba msifuate zetu za zamani, sindano ifuate unene wa uzi.

Na uzi wenyewe, aa, nilishapigwa. Kuna duka moja hapa mjini, silitaji, waliniuzia uzi wakaniapia ni sufu halisi, bei ya sufu kweli. Nikafuma sweta ya mdogo wangu huyo wa Lushoto, siku ya kuipiga pasi (pasi ya mkaa, naijua mkono wangu) kifua chote kikang'aa kikalegea kikashikana na pasi. Akriliki tupu. Toka siku hiyo natembea na kiberiti kwenye pochi, nakata uzi kidogo nachoma hapohapo mlangoni mwenye duka anakodoa macho. Sufu inanuka nywele zilizoungua na jivu lake ukilibonyeza linasagika, pamba inanuka karatasi na jivu lake laini la kijivu, akriliki inayeyuka inanuka plastiki inabakisha kidonge kigumu cheusi. Sisemi akriliki ni mbaya, kwa mtoto wa shule ya kufua kila siku inafaa tu, lakini niambie ni akriliki nikulipe bei ya akriliki.

Anayeona uzi ghali aende kwenye mitumba, kwenye lile fungu la sweta lisiloguswa na mtu hapa mjini kwa ajili ya joto. Humo kuna sufu na pamba nzuri kuliko ya dukani. Ila usinunue kwa rangi, pindua ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona umepigwa ovaloki, iache, hiyo ilikatwa na mkasi kama kitambaa, ukiifumua unapata vipande vya urefu wa mkono mmojammoja. Ukiona ukingo ni vitanzi vimepangana vizuri na vimeunganishwa tu na uzi, chukua, hiyo unaanza juu shingoni inafumuka mpaka chini uzi mmoja. Na ile sufu iliyofuliwa maji ya moto ikashikana kama blanketi, achana nayo pia. Uzi ukishaufumua unakuwa umejikunja kama tambi, zungusha kwenye mgongo wa kiti ufunge sehemu nne, loweka, tundika uani na chupa ya maji chini iuvute, ukikauka umenyooka. Mie sweta moja kubwa ya mwanaume wa huko Ulaya natoa blauzi yangu na kofia mbili. Tanga ni mji wa mkonge lakini katani hatuwezi kuvaa kifuani, kwa hiyo mitumba ndo shamba letu.

Halafu vijana wananicheka, bibi sweta, bibi sweta, na wao wamevaa jezi ya Coastal, timu yetu ya mpira. Neno jezi lenyewe limetoka kwenye sweta, kuna kisiwa kinaitwa Jersey kati ya Uingereza na Ufaransa, watu wake walisifika zamani kwa kufuma, nguo ikachukua jina la kisiwa. Kwa hiyo na wao ni mabibi sweta tu.

Sasa ombi langu Mhariri. Mkiweka sweta tena, na wekeni tu mie napenda, chini ya picha andikeni vitanzi vingapi kwenye sentimeta 10, uzi wa nini, sindano milimita ngapi, na kifua cha huyo aliyevaa ni sentimeta ngapi. Mistari minne tu, nafasi haipungui. Na mkitaka vipimo vya watu wa kawaida, mie nina daftari, toka mtoto wa siku saba mpaka mzee wa kizibao, nitawaazima lakini mlirudishe, manake jirani yangu niliyemtaja juu alichukua akakaa nalo miezi mitatu na gazeti ndo akawa ananinyima.

Niishie hapa, mdogo wangu kesho asubuhi anapanda basi kurudi Lushoto na sweta yake bado haina mkono wa kushoto.

Mfumaji,
Makorora, Tanga