Barua kwa mwanangu Kabula, pamoja na kifurushi

Igombe, Mwanza
Juni 9

Mwanangu mpendwa Kabula,

Salamu nyingi zikufikie wewe, baba Kulwa na wajukuu zangu wote watatu. Sisi huku mhola duhu, wazima tu. Kifua cha baba yako kimepoa tangu upepo wa asubuhi upungue, na jana alishinda chini ya mwembe anashona nyavu kama zamani.

Juzi uliponipigia, sauti yako ilikuwa imechoka kuliko maneno uliyosema. Likizo haijamaliza hata wiki, Kulwa na Doto wanagombania simu, Shija analia hapewi zamu, na ukirudi kazini jioni unawakuta pale pale kwenye kochi ulipowaacha asubuhi. Halafu ukaniuliza, "Hivi mama, sisi tulikuwa tunafanya nini?" Salio likaisha kabla sijajibu. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, na asubuhi nikaanza kufunga kifurushi.

Kesho baba yako atakipeleka stendi ya Nyegezi, kipande basi la Dodoma. Konda atakupigia. Nimeona niandike, maana kazi ya mikono haielezeki kwenye simu, na Kulwa sasa anasoma vizuri, anaweza kuwasomea wenzake mwenyewe wewe ukiwa kazini.

Ukifungua usishtuke kukuta mafungu ya vitu vikavu vya kahawia vinavyonukia ziwa. Ni magugu maji. Ndiyo, yale yale. Wewe ulikuwa mdogo yalipofunga mwalo wetu, miaka ya 1990, hadi kuna asubuhi baba yako alikuwa akisukuma mtumbwi kwa mti nusu saa nzima na bado hajayaona maji meupe. Mmea huo si wa kwetu, asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu waliubeba huku na huko duniani wakiupanda kwenye mabwawa kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaonekana ziwani kwetu. Baadaye wataalamu walileta wadudu wadogo wanaoutafuna, ukapungua, lakini haujaisha. Upepo ukigeuka unaletwa tena pwani. Mimi nilichoka kuutazama kwa hasira, nikaanza kuusuka.

Wajukuu zangu wajue kwamba shina lake ndani ni kama sponji, limejaa hewa, ndiyo maana mmea unaelea. Na karibu uzito wake wote ni maji. Mwaka jana nilianika siku nne tu, nikaona kwa macho yamekauka, nikayafunga na kuyaweka juu ya kabati. Baada ya wiki mbili yalikuwa yameota ukungu mweupe, nikatupa yote, kazi ya siku nyingi. Sasa naanika wiki mbili nzima, naingiza ndani jioni kabla ya umande, na kabla ya kuyafunga nalaza shina shavuni. Likiwa na ubaridi bado lina maji. Haya niliyotuma nimeyapima hivyo moja moja, yako salama.

Kusuka kwenyewe Doto anakujua tayari ila hajui kama anakujua, kwa sababu ni msuko ule ule wa nywele, wa mafungu matatu. Kwanza futa mashina kwa kitambaa chenye maji, yakae kama dakika kumi yalainike, maana makavu yanakatika yakikunjwa. Funga matatu pamoja kichwani, mmoja ashike, mwingine asuke. Shina likikaribia kuisha ongeza jingine juu yake kabla halijaisha, na muangalie yasiishe yote matatu mahali pamoja, hapo ndipo msuko unapokatikia. Mkipata mita mbili za msuko wenye upana wa sentimita 2, inatosha kitu cha kwanza, nacho ni kitako cha kuwekea sufuria mezani. Uzungushe kama konokono, ukilala, huku unashona kila mzunguko na ule wa ndani yake. Nimeweka sindano ya gunia na uzi wa nyavu ambao baba yako amewakatia. Sindano iingie katikati ya msuko, isishike ukingoni tu. Kwa mita mbili mtapata duara la sentimita 20 hivi.

Wakishaweza kitako, kikapu si kigeni tena. Kinaanza vile vile, ila mkifika ukubwa mnaoutaka mzunguko unaofuata unaupandisha juu ya uliotangulia badala ya kuulaza pembeni yake, na ukuta unaanza kusimama. Utapinda. Changu cha kwanza kilipinda kama mtu mwenye kibiongo, na ndicho ninachowekea vitunguu mpaka leo.

Wakija Desemba nitawaonyesha yanapotoka, lakini hawataingia majini kuyavuta. Pwani yetu ina kichocho, na konokono wanaokieneza wanapenda sana penye majani. Vijana wa mitumbwi wananiletea, mimi nawapa chai.

Chini ya magugu kuna mfuko wa vipande vya vitenge, nimeviomba kwa fundi cherehani wa hapa jirani, yeye huwa anavifagia na kuvichoma. Na kuna pamba. Shangazi yako wa Kwimba amenitumia ya msimu huu, bado ina mbegu. Nimeiacha hivyo makusudi kwa ajili ya Shija. Kazi yake ni kuchambua mbegu kwa vidole, na hakuna kazi inayomtuliza mtoto wa miaka mitano kama hiyo, nimeiona kwako na kwa kaka zako. Pamba ikishakuwa safi wajaze mwanasesere. Wakunje kitenge, wachore mtu mnene mwenye mikono mifupi, kwa sababu akiwa mwembamba hawataweza kumgeuza nje-ndani baada ya kumshona. Waache tundu la vidole viwili ubavuni, wageuze, wajaze kwa kijiti wakianzia miguuni, kisha wafunge tundu. Macho yawe ya uzi. Vifungo vinang'oka, na Shija bado anaweka vitu mdomoni.

Kalenda za mwaka jana usichome. Karatasi yake ngumu inatoa shanga nzuri kuliko nyingine yoyote. Kata pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu kama 25, uviringishe kwenye njiti ukianzia upande mpana, ncha ibaki katikati ya shanga na upake gundi. Gundi msinunue. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji, koroga kwanza na maji ya baridi ili lisiwe na madonge, halafu pika kama uji hadi lianze kung'aa. Likikaa siku ya tatu linachacha, kwa hiyo mpike kidogo kidogo. Gundi hiyo hiyo inatengeneza bakuli kwa magazeti: chana vipande, paka mafuta bakuli la bati kwa nje, bandika tabaka moja, liache likauke, bandika jingine, hadi yafike sita. Haraka ndiyo inayoharibu bakuli la karatasi. Likibandikwa yote siku moja linaoza katikati na kunuka.

Kulwa aliniambia anataka gari. Waya ameweka babu yake, ule laini unaokunjika kwa mkono, na ndala moja iliyokatika. Magurudumu yakatwe kwenye ndala, wachore duara kwa kifuniko cha chupa ya maji ya lita moja na nusu au kikubwa kidogo. Mengine nimwachie Kulwa mwenyewe. Mtoto akionyeshwa gari lote mwanzo hadi mwisho anatengeneza gari la babu yake.

Rangi: bizari inatoa njano ya kupendeza sana kwenye kitambaa na karatasi, ila jua linaifuta, kwa hiyo vilivyopakwa visikae dirishani. Nyeusi ni mkaa uliosagwa, uchanganywe na utomvu wa mgunga ulioloweshwa usiku kucha. Huko kwenu migunga mmejaliwa, mwambie baba Kulwa awapeleke watembee waokote utomvu uliogandia shinani. Na hapo mlipo wenyeji wenu ni Wagogo, mafundi wa zeze na marimba. Mimi zeze sijui hata linaanzia wapi. Kama mna jirani mzee anayelijua, mpelekee sukari kilo moja, umwombe awaruhusu watoto wakae wamtazame mikono. Wasiulize maswali mengi, watazame.

Sasa mwanangu, nimefika kwenye jambo ambalo limenifanya niandike barua ndefu hivi.

Wapatie kona. Najua nyumba ni ya vyumba viwili na sebule, najua ukirudi umechoka unataka kukuta sakafu. Lakini nyuma ya mlango, au chini ya meza, pawe pao, na kilichopo pale kisifagiliwe. Kikapu kilichofika katikati ukikihamisha kila jioni hakitaisha. Na wakikuletea kitu ukione kwanza kabla hujasema kimepinda wapi. Mkasi na sindano wavihesabu wanapomaliza, hilo simamia bila huruma. Lakini umbo la kitu waachie wenyewe.

Nakwambia haya kwa sababu mimi sikuyafanya.

Unakumbuka Bujora? Ulikuwa na miaka minane. Tulikwenda Bulabo, ile sikukuu ya ngoma zetu Wasukuma, mwezi kama huu, tukashuka Kisesa na kupanda kwa miguu, na wewe hukutaka kuangalia wachezaji wala nyoka wao. Ulisimama kwenye zile ngoma za makumbusho hadi baba yako akakubeba. Siku tatu baadaye nikasikia ngoma nyuma ya nyumba. Ulikuwa umechukua kopo la mafuta ya kupikia, ukakata tyubu kuukuu ya lori ambayo baba yako alikuwa ameihifadhi ili akate mipira ya kufungia mzigo wa samaki kwenye baiskeli. Ulikuwa umeikata duara, ukatoboa matundu pembezoni kwa msumari, ukaivuta kwa uzi wa nyavu, huku na huku, kama wanavyovuta ngozi. Hakuna aliyekufundisha. Ngoma ile ililia vizuri, Kabula. Nilisikia inalia vizuri, na bado nilichokiona ni tyubu iliyoharibiwa na hela ambayo hatukuwa nayo. Nilikuchapa, nikaichukua nikaitupa kwenye shimo la taka, na jioni nikalichoma moto.

Hukulia. Ulikaa mlangoni ukatazama moshi. Baba yako aliporudi hata hakukasirika, alisema tyubu ilikuwa imeoza, angeitupa mwenyewe. Alitaka kuiona ngoma, ikawa haipo.

Baada ya hapo ulisoma, ukafaulu, ukaondoka, nami nikajivuna kwa watu. Lakini sikukuona tena ukitengeneza kitu. Nimekaa na moshi ule miaka yote hii. Siku moja nilianza kukuambia, ulipokuja kujifungua mapacha, ila watu walikuwa wengi na watoto walikuwa wanalia, nikanyamaza. Leo nakuomba msamaha, mwanangu. Nilikosea.

Vitu vya watoto nimevifunga kwenye kanga yangu ya kijani. Chini yake, kwenye gazeti, kuna kipande cha tyubu ya lori. Ni nzima, nimeinunua kwa fundi wa matairi pale njia panda, nimeiosha kwa sabuni na kuipaka unga wa muhogo ili isigandane. Hiyo ni yako. Ukubwa wake unatosha kopo la maziwa la kilo mbili na upana wa vidole vitatu unabaki wa kuvutia. Iloweke kwenye maji ya moto kabla ya kuivuta, baba yako anasema hapo inanyooka zaidi. Uzi nimeweka wa ziada. Msumari utakuwa nao.

Ukishaifunga nipigie jioni, baada ya saa mbili, hapo upepo umetulia na simu inashika vizuri. Usiseme neno. Weka simu karibu, upige.

Mama yako akupendaye,
Mama Kabula