Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wapiga Eksirei, Tanga

Ndugu wanachama wa Tanga mjini, na nyinyi mliotoka Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto, karibuni na poleni na safari.

Mkutano wa robo ya kwanza haukutimiza akidi kwa sababu ya mvua. Mingine yote ilifanyika. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba ada inalipwa kwa kusuasua na wanaodaiwa wanajijua. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima: mionzi inayotawanyika.

Tulianza na ndoo. Jumapili moja tuliazima chumba cha eksirei, tukaitia maji ndoo ya lita 20 mpaka kina cha sentimita 20, karibu na unene wa tumbo la mtu mzima, na chini kabisa tukalaza kichwa cha changu. Picha ya kwanza tulipiga bila gridi (kichujio cha mionzi iliyopotea njia), taa ya kolimeta, kifaa kinachobana upana wa mwali, imefunguliwa yote. Ukungu mtupu. Samaki alionekana kama karabai ya wavuvi unapoitazama kutoka Raskazone usiku wa mvua: unajua ipo, basi. Ya pili tukaifunga taa ikabaki inamzunguka changu, upana wa vidole viwili kila upande, na mifupa ya mashavu ikaanza kujitokeza. Ya tatu tukaongeza gridi, tukapandisha na dozi, yaani kiasi cha mionzi, mwenzetu mmoja akawa anahesabu meno. (Aliyemleta changu aliondoka naye. Eksirei haibaki ndani ya samaki, kwa hiyo kama alipikwa, hilo halikuingia kwenye muhtasari.)

Wakongwe mnaijua sababu, lakini safari hii tuna vijana wengi. Mionzi ikiingia mwilini, mingine hupenya moja kwa moja, mingine humezwa, na mingine hugonga elektroni, ikapoteza sehemu ya nguvu yake na kukata kona. Huo ndio mtawanyiko alioueleza Arthur Compton mwaka 1923, akapata Nobeli mwaka 1927. Fotoni, yaani chembe ya mionzi, iliyokata kona inaangukia kwenye kaseti inayopokea picha mahali pasipo pake, na picha inafifia. Kwenye tumbo nene, zaidi ya nusu ya mionzi inayofika kwenye picha ni ya namna hii. Na wingi wake unafuata ukubwa wa sehemu ya mwili uliyoimulika. Ndiyo maana naipenda kolimeta kuliko vifaa vyote: ukiifunga, ukungu unapungua na dozi ya mgonjwa inapungua papo hapo, tena bila gharama.

Gridi nayo ina deni. Gustav Bucky, ambaye jina lake tunalitaja kila siku tukilaza mtu mezani, aliitengeneza Ujerumani mwaka 1913, wakati garimoshi la Tanga limeshafika Moshi. Hollis Potter wa Chicago ndiye aliyeiwezesha kusogea wakati wa kupiga ili mistari yake isionekane. Mfikirie madirisha ya vibao ya nyumba zetu za zamani: mwanga unaokuja sawa na vibao unapita, unaokuja mshazari unazuiwa. Vibao vya gridi ni vya madini ya risasi, na gridi ya 10 kwa 1 ina vibao vyenye kimo mara 10 ya nafasi iliyo kati yao. Kwa kuwa inakula pia mionzi mizuri, dozi hupanda mara mbili hadi tano. Mkono wa mtoto hauhitaji gridi. Mguu mwembamba hauhitaji gridi. Nimeona mwaka huu ikitumika kwa vyote viwili kwa sababu tu ilikuwa imeshawekwa.

Nami nijitaje. Miaka ya nyuma, katika kituo nisichokitaja, niliifunga gridi ya kubebeka juu ya kaseti ikiwa imegeuzwa chini juu. Picha ikatoka nzuri katikati, nyeupe pembeni kote kuwili. Nikaulaumu umeme. Nikarudia. Nikailaumu mashine, nikarudia tena. Bibi wa watu alipigwa mara tatu kabla sijasoma maandishi yaliyochapwa kwenye gridi: upande huu uelekee tyubu, yaani chanzo cha mionzi.

Sasa lalamiko langu kubwa. Tulipopitia picha mlizoleta robo ya tatu, nyingi zilikuwa na kingo safi kabisa. Nilifurahi mpaka tulipofungua za awali, kabla ya kompyuta kuzikata. Kifua kilikuja na kidevu, mabega na nusu ya tumbo. Mkato wa kompyuta unaficha uzembe tu. Ukungu umeshaingia, dozi imeshaingia. Mashine za dijitali zinatudekeza namna nyingine pia: ukizidisha dozi, picha inapendeza tu, hakuna filamu inayoungua ikakusuta. Dozi inapanda kimya kimya, mwezi hadi mwezi.

Upande wa usalama wetu, mgonjwa mwenyewe ndiye chanzo cha mionzi inayotufikia. Umbali wa mita moja kutoka kwake, inabaki takriban sehemu moja ya elfu ya ile iliyompiga. Ukienda mita mbili, robo ya hiyo. Basi anayemshika mtoto avae koti la risasi na asimame pembeni ya mwali, na asiwe yule yule mhudumu kila siku. Makoti yatundikwe. Tulikagua matano yaliyozoea kukunjwa na mawili yalikuwa na nyufa.

Vipima mionzi kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania vivaliwe kifuani. Kuna mwenzetu ambaye kipima chake kinaishi kwenye droo, na kila kikisomwa, droo inaonekana kuwa salama sana.

Kwa robo ijayo kila kituo kilete picha kumi za kifua ambazo hazijakatwa. Majina tutayafuta kabla ya kuziweka ukutani. Lile koti jipya tuliloahidi linategemea ada, na hapo namkaribisha mweka hazina.