Mionzi ya jicho ikiisha, picha ziendelee

Ndugu Mhariri,

Mgonjwa wa saratani ya jicho akirudi Tanga baada ya mionzi Dar es Salaam, watu humpa pole, huona anaona vizuri, na habari ya kliniki huishia hapo. Macho mengi hupotea baada ya hapo.

Mionzi inayoua uvimbe huumiza pia mishipa midogo ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kuta zake huharibika polepole, zikavuja maji, kisha mishipa ikaziba. Mara nyingi hayo hutokea kati ya miezi 6 na miaka 3 baada ya tiba, bila maumivu. Mwenye kisukari au presha yumo hatarini zaidi.

Tunasisitiza kipimo cha OCT, yaani picha ya tabaka za retina. Hakina sindano wala mionzi. Ni mwanga tu, dakika chache. Hupima unene wa retina kwa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita), hivyo maji huonekana miezi kadhaa kabla daktari hajayaona kwa macho yake. Picha ya kwanza ipigwe kabla ya mionzi, kisha kila miezi 3 hadi 6, kwa mashine ileile. Mashine za aina mbili hazipimi sawa, na tofauti hiyo hudhaniwa ni retina kuvimba kwa maji.

Mishipa iliyoziba huonyeshwa na rangi ya fluoreseini inayodungwa mkononi. Ngozi na mkojo huwa njano kwa siku moja hivi. Msishtuke, si ugonjwa wa ini. Damu ikijaa ndani ya jicho, au mtoto wa jicho akikomaa, kamera haioni kitu. Hapo hutumika ultrasaundi.

Jambo linalosahauliwa: irisi, duara lenye rangi linalozunguka mboni, ikaguliwe kabla ya dawa ya kutanua mboni. Vimishipa vipya hapo huleta presha ya jicho yenye kupofusha, na mboni ikishatanuka huwa vigumu kuviona. Dawa hiyo hufifisha macho kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo baiskeli ibaki nyumbani.

Maji yakigundulika mapema, sindano za dawa ya bevasizumabu ndani ya jicho, kwa kawaida miligramu 1.25 kila moja, huweza kuyapunguza. Mishipa iliyokufa hairudi.

Tunaomba kila mgonjwa apewe karatasi yenye dozi ya mionzi kwa grei (kizio cha kupimia mionzi), jicho lililotibiwa na tarehe ya mwisho, pamoja na nakala ya picha ya kwanza. Asipokuwa nayo, madoa ya damu kwenye retina yake yatasomwa kama ya kisukari, maana yanafanana mno.

Wahudumu wa afya ya macho,
Ngamiani, Tanga