Barua kwa mwanangu anayekwenda parokiani

Mwanangu,

Ratiba uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Kuamka saa kumi alfajiri, kufunga Jumatano na Ijumaa, nyumba ishirini kwa siku, mahubiri matatu kila Jumapili. Najua umeyatoa wapi. Kitabu cha maisha ya Robert Murray M'Cheyne, yule mchungaji wa Uskoti, kilitoka kwenye kabati langu, kwa hiyo na mimi sina pa kujificha.

Lakini unajua alikufa na miaka mingapi? 29. Wewe Septemba unatimiza 27.

Rafiki yake Andrew Bonar, aliyechapa habari zake mwaka 1844, hakuficha kitu, ila vijana mnasoma penye moto tu. M'Cheyne alipewa kanisa la St Peter's, Dundee, Novemba 1836: mji wa viwanda, watu kama 4,000 katika parokia. Mwisho wa 1838 moyo ulikuwa unamwenda mbio, madaktari wakamwambia aache kazi. Akarudi kwa wazazi wake Edinburgh, na kutoka huko akawaandikia waumini barua. Anza na hizo, shajara baadaye. Mtu aliyelazimishwa kupumzika anaandika kwa utulivu kuliko anayekimbizana na saa.

Na ule uamsho wa kiroho wa Dundee unaousifia ulianza lini? Agosti 1839. Yeye hakuwepo. Alikuwa ameondoka Aprili kwenda Palestina na wenzake watatu kuchunguza hali ya Wayahudi, na wakati watu wa Dundee wanalia kanisani, yeye alikuwa hoi kwa homa karibu na Smyrna, Izmir ya leo huko Uturuki. Mimbarini alikuwa William Burns aliyemshikia nafasi, wa miaka 24. Hapo ulipapitaje?

Kuamka mapema sikukatazi, umelelewa hivyo. Ila M'Cheyne mwenyewe aliandika kwamba saa za maombi ziwe kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, akaongeza: kama ataweza kuuzuia usingizi. Basi hata yeye alisinzia. Lala kwa muda wa saa saba, nakuomba.

Sasa mahubiri, kwa maana hapo ndipo atakufaa. Mengi yaliyochapishwa hakuyaandaa yeye kwa ajili ya kitabu. Ni maandalizi yake ya Jumapili, na mengine ni maneno yaliyoandikwa na wasikilizaji wakiwa wamekaa kanisani. Ukilipeleka hubiri lake mimbarini kama lilivyo litakwisha upesi na litakuwa kavu, maana aliyoyasema papo hapo hayamo. Chukua mifupa yake: andiko moja, vichwa viwili au vitatu vinavyotoka ndani ya andiko lenyewe, na uvitaje kwa sauti ili bibi wa benchi la nyuma aondoke navyo. Halafu sema na watu kwa makundi, walioamini kivyao na wasioamini kivyao. Andika nyumbani, ukifika usisome. Theluji na bahari ya Uskoti waachie Waskoti. Wewe unahubiria wachuma chai.

Ratiba yake ya kusoma Biblia, ya mwaka 1842, itumie na wazee wa kanisa, lakini piga hesabu kwanza. Tarehe 1 Januari ni Mwanzo 1, Mathayo 1, Ezra 1 na Matendo 1. Mbili za jamaa nyumbani, mbili za faraghani. Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Hizo ni sura 1,599, kwa hiyo siku nyingine zinazidi nne. Wengi hukwama Februari: mtu anaachwa siku tatu, anataka kulipa sura kumi na mbili usiku mmoja, anapitisha macho tu, kisha anaacha kabisa. Waambie aliyeachwa nyuma asome ya tarehe ya leo, yaliyopita yamepita. Mwenyewe alionya kuhusu kusoma kwa desturi tu, kujihesabia haki, kusoma ovyo, na kulifanya kuwa kongwa lisilobebeka. Maonyo hayo yasome mbele ya wazee kabla ya kugawa karatasi.

Daftari la ziara ni jambo jema: jina, andiko ulilosoma, hali ya mgonjwa. Lakini nyumba ishirini hapana. Sita, na ule chakula. Februari 1843 M'Cheyne alizunguka kaskazini akihubiri sehemu 24, akarudi amechoka, akaingia nyumba za wenye homa. Ilikuwa taifasi, homa inayoenezwa na chawa. 25 Machi akafariki, na Mei kanisa la Uskoti likagawanyika, wakati hasa watu wa aina yake walikuwa wanatakiwa.

Baba yako anasema utamwona mnyonge wa imani kwa sababu nyumbani kwetu hatukuwa na kawaida ya kufunga. Mwache. Anajivunia kuliko anavyosema. Barua yako ya uteuzi ameipiga picha akawatumia wajomba zako wote.

Tangi la maji bado linavuja pale kwenye kiungo, fundi amechukua pesa na hajarudi. Ng'ombe mweusi atazaa wiki mbili zijazo. Nimekufungia chandarua, blanketi mbili na unga wa uji. Nitumie namba ya mzee atakayekupokea stendi, nataka kumuuliza nani anakupikia.

Mama yako