Heri ya Krismasi kwa Waliofungiwa Geti

Heri ya Krismasi na mwaka mpya, wenzangu wa Industrial Area hapa Nairobi. Salamu ziwafikie mlioko kwenye foleni pale Machakos Country Bus mkingoja gari la ushago, na mliobaki mjini kwa sababu nauli imepanda maradufu na makanga hataki kusikia habari ya kupunguziwa. Ndugu zetu Waislamu na wengine msio na Krismasi nyumbani, salamu ni zenu pia. Tarehe 25 na 26 ni mapumziko ya kila mtu, na atakayeingia kazini siku hizo anastahili malipo maradufu bila kuulizwa anasali wapi.

Kila mwaka mimi kama mwakilishi wa wafanyakazi huandika mistari miwili mitatu, nikaibandika ubaoni karibu na saa ya kupigia kadi. Mwaka huu nimeona niseme zaidi kidogo, na ninalotaka kusema linahusu geti.

Katikati ya Disemba viwanda vingi vya huku Lunga Lunga, Likoni Road na Enterprise Road hufunga. Mashine huzimwa, mafundi wachache hubaki kupaka grisi na kubadilisha beringi, na tangazo hubandikwa kwamba tutafungua Januari. Tangazo ni moja, ila watu wawili waliosimama bega kwa bega kulisoma hawasomi habari moja. Mwenye barua ya ajira anasoma likizo: mshahara wake uko njiani, na akirudi atakuta kabati lake na ovaroli yake. Kibarua aliyekuwa naye kwenye mashine ileile, shifti ileile, anasoma kwamba kazi imekwisha. Analipwa hadi Jumamosi, anaambiwa "tutakupigia", basi. Hizo ni wiki tatu bila senti, Krismasi ikiwa katikati na karo ya shule ikimngoja mwishoni.

Mjini hapa tunaicheka Januari na kuiita Njaanuari, kana kwamba watu walikula wakapitiliza. Wako wa hivyo, siwatetei. Lakini vibarua wengi ninaowajua hawakula cha kuwafilisi. Walichinja kuku mmoja, wakapika chapati, wakanunulia watoto viatu vya shule mapema kabla bei haijapanda. Njaa yao ilianza siku geti lilipofungwa. Mwaka mmoja nilimwona kijana aliyefanya kazi tangu Machi akitoka na zawadi ya kampuni: pakiti mbili za unga, sukari, mafuta ya kupikia, na kalenda nzuri ya ukutani ya mwaka ujao, yenye picha za bidhaa tunazotengeneza. Kalenda ya mwaka ambao hakuwa na kazi ndani yake. Aliikunja vizuri asiivunje.

Sasa tuzungumze sheria, na msiniache hapa kwa kudhani ni mambo ya mawakili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Yaani mtu wa kushusha mzigo wa leo, akaenda zake. Mtu anayelipwa kila Jumamosi na kuitwa tena Jumatatu, tangu Machi, si huyo. Kifungu cha 37 kinakwenda mbele zaidi: kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo zikijumlishwa zinatimia mwezi, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha ndani ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi. Na mfanyakazi wa mwezi haachishwi kwa "tutakupigia". Anapewa notisi ya siku 28, au analipwa badala yake.

Liko jingine ambalo husahaulika hata na sisi wa chama cha wafanyakazi. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi zenye malipo kamili, hilo wengi wanalijua. Lakini hata asiyemaliza mwaka, mradi ametimiza miezi miwili, ana haki ya siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliofanya. Yule kijana wa kalenda aliingia mwanzoni mwa Machi akatoka katikati ya Disemba. Miezi tisa kamili. Zidisha. Ni siku 15 na robo tatu, pesa ambazo zingemfikisha Januari akiwa amesimama. Hakudai kwa sababu hakujua, na aliyejua hakuwa na haraka ya kumwambia.

Nitaambiwa vibarua hawana karatasi za kuthibitisha. Wanazo, ziko mfukoni. Siku hizi malipo huingia kwa M-Pesa. Mwombe kibarua yeyote akuonyeshe simu yake, hata ile yenye kioo kilichopasuka: utashusha na kushusha, kila Jumamosi jioni kuna meseji, jina la kampuni, kiasi, saa. Haionyeshi ovataimu wala makato, lakini inaonyesha kwamba wiki ile alikuwepo, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. Hizo meseji msizifute ili kupata nafasi ya video za sikukuu! Pigeni picha ya orodha ya shifti na ya kadi ya geti. Na mwajiri asiyeweka mkataba wa maandishi ajue kwamba kifungu cha 10 kinamtwika yeye mzigo: palipo na ubishi kuhusu masharti ya kazi na mkataba hauonekani, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Wako watakaonijibu kwa methali, kazi mbaya si mchezo mwema. Nimeisikia tangu nianze kazi, na sijawahi kuisikia kutoka kwa mtu anayeifanya hiyo kazi mbaya.

Walinzi nao niwape salamu zao, maana wao geti halifungwi, wao ndio geti. Usiku wa mkesha, wakati sisi tuko kanisani au baa, soja yuko kwenye kibanda chake na kabuti na rejista, saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Atafungulia magari ya wageni mpaka alfajiri na ataambiwa "Merry" na watu wengi kuliko watakaomletea sahani ya pilau. Ndugu zangu, msijifungie kibandani na jiko la makaa. Moshi wa makaa usioonekana huua mtu akiwa usingizini, na Nairobi tumeshazika watu kwa njia hiyo. Jiko likae nje, mlango uwe wazi, baridi ina dawa ya kabuti.

Halafu kuna mwajiri mmoja ambaye hatumtaji kwenye mikutano, naye ni sisi wenyewe. Karani wa Donholm, mwalimu wa Umoja, hata mimi na wewe wa mashine tukipata mtoto, tunaajiri dada wa nyumbani. Tunalalamika kazini juu ya ovataimu, kisha tunarudi kumkuta amesimama tangu saa kumi na moja asubuhi. Kwenye orodha ya serikali ya kima cha chini cha mshahara, dada wa nyumbani yuko mstari mmoja na mfagiaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 mstari huo kwa jiji la Nairobi ulisoma shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba, na Mei Mosi 2025 Rais akatangaza nyongeza nyingine ya asilimia 12. Sitawauliza mnalipa ngapi, sikukuu isiharibike. Ila kila Januari mji huu hujaa vilio kwamba dada alienda kwao Krismasi akazima simu. Nadhani huo ndio mgomo wake. Hana chama, hana shop-stewadi wa kumsemea kama mimi, ana basi la kwenda na uamuzi wa kutorudi. Mlipe mshahara wote kabla hajaondoka, acha ule ujanja wa kushikilia nusu ili arudi. Mpe nauli ya kwenda na ya kurudi. Ana siku 21 zake kama wewe.

Kuhusu nyongeza hizo za Mei Mosi, neno fupi tu. Ile ya asilimia 6, iliyoleta hizo shilingi 16,113.75, ilitangazwa tarehe 1 Mei 2024 ikaanza kuhesabiwa Novemba, miezi sita baadaye. Kati ya uwanja wa sherehe na mfuko wa mtu pana safari ndefu, na kibarua hukaa nje ya safari yote kwa sababu hakuna anayemhesabu. Ndiyo maana nasema suala letu la kwanza ni kuandikwa. Asiyeandikwa hata akikatwa SHA ya matibabu na NSSF ya uzeeni hajui kama zimefika, na mara nyingi hakatwi kabisa, kwa hiyo akiugua Disemba anachangiwa na wenzake kwenye WhatsApp.

Na wapo walioumia. Oktoba na Novemba oda za sikukuu hujaa, shifti zinarefushwa, watu wanasinzia mbele ya mashine, na hapo ndipo vidole huenda. Kama ni wewe, au ni jirani yako aliyefunga mkono bandeji na kuambiwa apumzike nyumbani mpaka wamwite: fidia ya majeraha kazini ipo kisheria, chini ya sheria iitwayo WIBA ya mwaka 2007. Haimbagui kibarua. Dai lifike ndani ya miezi 12. Wasikupe elfu tano na kukusainisha karatasi usiyoisoma.

Huku kwetu habari hizi si ngeni. Kando ya Jogoo Road uko mtaa wa Kaloleni, na pale kwenye ukumbi wa kijamii, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya wafanyakazi akataka uhuru wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai wakakamatwa, na Nairobi ikagoma. Singh alikaa kizuizini hadi 1961. Nawakumbusha kwa sababu vijana wengi hupita pale kila siku wakienda kutafuta kibarua na hawajaambiwa kwamba watu wa mishahara midogo kama yao waliwahi kuusimamisha mji huu.

Kwa mabosi wanaosoma, salamu kwenu pia. Wapo miongoni mwenu waliowalipa vibarua siku zao za likizo mwaka huu bila kusukumwa, na viwanda vyao havijaanguka. Wengine tutaonana Januari, mkifungua.

Mtu yeyote, wa kiwanda chetu au cha jirani, anayetaka kuandika barua ya madai, nitakuwa mjini sikukuu yote. Tukutane kwa mama chapati mbele ya geti, Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa tatu. Njoo na simu yako yenye hizo meseji, iwe na chaji. Tukiwa wengi tutakwenda pamoja ofisi ya leba, na chai siku hiyo ni yangu.