Barua kwa mpwa wangu wa Maskati: kubali kutembezwa Mji Mkongwe

Mwanangu,

Ulicheka kwenye simu niliposema ukija nitakutafutia mtembezaji. Eti wewe damu ya Shangani, utembezwe kama mtalii? Tembezwa. Sisi wa humu humu tunazijua njia za sokoni na msikitini tu, na baba yako kakulea na Mji wa halua, kahawa na baraza. Kuna mitaa aliiruka.

Chukua mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, si papasi wa bandarini, wale wanaowaganda wageni bila kibali, na bei mkubaliane kabla hamjaondoka.

Anzeni Mkunazini, jua halijawa kali. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa mpaka Sultan Barghash alipolifunga mwaka 1873, Waingereza wamemkaba, na Steere, askofu wa Kianglikana, akajenga kanisa palepale. Ndani, karibu na mlango, zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha Steere akiwa safarini. Vyumba vya chini ya ardhi utakavyoonyeshwa jirani visikilize kwa sikio moja, maana wapo wanahistoria wanaosema jengo lile ni la wamisionari, la baada ya soko kufungwa. Soko lenyewe halina ubishi. Uani kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni. Wenye asili ya Oman hupapita mbio pale. Wewe simama. Babu zetu walikuwa na mashamba ya karafuu, na karafuu hazijichumi.

Baada ya hapo milango itakuburudisha. Wa Kiarabu wa zamani juu umenyooka, nakshi zake mawimbi na minyororo. Wa Kigujarati umegawanywa vibao vidogo vidogo vinavyokunjika. Mlango uliopinda juu kama tao una mkono wa Kihindi, hata kama mwenye nyumba alikuwa Mwarabu. Forodhani hamwezi kuikosa, sina la kusema. Ila mtaa wa Malindi, wa humu humu Mjini, itazame ile zahanati kongwe ya Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia, na roshani zake za mbao. Mimi naiona nzuri kuliko majumba ya masultani.

Chakula cha mchana ni kwangu. Jioni mpigie baba yako, umuulize lile shamba la Bumbwini anayelisifia kila Idi lilikuwa likilimwa na nani.

Shangazi yako